Majimbo 16, mechi tatu: Safari ya Cape Verde ianze kupangwa Houston

OKTOBA 16, 2018, Cape Verde iliondoka Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ikiwa imechapwa mabao 2-0 na Taifa Stars. Simon Msuva alifunga la kwanza, Mbwana Samatta akamalizia kazi. Stars wakaenda zao AFCON ya 2019 kule Misri, Cape Verde wakabaki nyumbani wakitazama kwenye runinga.

Miaka haigandi. Juni 15 mwaka huu, saa sita kamili mchana za Atlanta, jamaa hao hao wa visiwani wanashuka uwanjani kucheza na Hispania kwenye Kombe la Dunia. Juni 21 wako Miami na Uruguay. Juni 26 wako Houston na Saudi Arabia. Kisha hesabu za Kundi H zinafungwa.

Timu itapanda ndege kila baada ya mechi, itafikia hotelini na kukandwa misuli. Shabiki asiye na hela ya ndege tatu na hoteli tatu ana kitu kimoja tu, barabara. Na barabara yenyewe sio mchezo. Akianzia kaskazini mashariki ya Marekani, ambako Wacape Verde wengi wanaishi, atakanyaga majimbo 16 na kula zaidi ya kilomita 4,600 kabla kipenga cha mwisho hakijalia Houston. Hapo kurudi nyumbani bado.

Safari ya namna hii haiharibiwi na gari bovu peke yake. Mara nyingi inaharibiwa na yule mmoja kwenye kundi anayesema, "Tutafika tu." Kufika wanaweza kufika. Swali ni watafika Houston wakiwa na hela, nguvu na siku za likizo zilizobaki, au watakuwa wamemaliza kila kitu kwa Hispania?

Nani anaendesha

Cape Verde ina visiwa kumi, tisa ndivyo vinakaliwa na watu, na wakazi wake ni nusu milioni na kidogo. Ni moja ya nchi ndogo zaidi kuwahi kufuzu Kombe la Dunia. Walikata tiketi Oktoba 13, 2025 mjini Praia walipoifunga Eswatini 3-0, wakamaliza kileleni mwa kundi lao na kuiacha Cameroon ikisugua benchi la mchujo. Kocha wao ni Bubista, mzawa wa huko huko.

Lakini taifa hilo lina nusu nyingine ng'ambo. Tangu enzi za meli za kuwinda nyangumi, karne ya 19, Wacape Verde walianza kuhamia majimbo ya Massachusetts na Rhode Island. Leo ukienda Brockton, New Bedford au Pawtucket utakuta maduka yao, makanisa yao na Kikrioli chao mtaani. Hata kikosini mambo ni hayo hayo. Beki Roberto Lopes, maarufu kama Pico, alizaliwa Dublin, Ireland, na aliitwa timu ya taifa kwa ujumbe wa LinkedIn.

Kwa shabiki wa Bongo anayetaka kuruka moja kwa moja kutoka Dar, viza ndiyo ukuta. Tangu Januari 1, 2026 Tanzania iko kwenye orodha ya nchi ambazo Marekani imezibana kwenye viza za matembezi. Hivyo watakaokuwa kwenye magari hayo ni wale ambao tayari wanaishi kule, Wacape Verde wenyewe na Waafrika wengine waliowachagua kuwa timu yao ya mwezi Juni.

Chukua mfano wa watu wanne wa Brockton, gari moja, wawili kati yao wana leseni. Wanapangaje?

Kwa nini Houston kwanza

Wengi wataanza kupanga kwa Hispania. Inaeleweka. Ni mabingwa wa Ulaya wa 2024, ni mechi ya kwanza ya Cape Verde kwenye historia ya Kombe la Dunia, na kila mtu atataka picha ya kumbukumbu akiwa pale.

Ila mechi inayoweza kuamua maisha ya timu ni ya tatu. Kwenye Kombe la Dunia hili la timu 48, kila kundi linapeleka timu mbili, halafu timu nane bora kati ya 12 zilizoshika nafasi ya tatu nazo zinavuka. Maana yake hata ukichapwa na Hispania na ukabanwa na Uruguay, bado ushindi mmoja Houston unaweza kukupeleka hatua ya 32. Ureno ya 2016 ilivuka kundi lake kwenye Euro ikiwa ya tatu, sare tatu, pointi tatu, haijashinda hata mechi. Mwisho wa siku ikabeba kombe.

Hakuna anayesema Saudi Arabia ni mteremko. Wale ndio waliomfunga Argentina ya Lionel Messi 2-1 kule Qatar mwaka 2022. Lakini ukiangalia kundi lote, usiku wa Juni 26 ndio usiku ambao shabiki wa Cape Verde atajilaumu maisha yake yote akiukosa.

Kwa hiyo mpango mzuri unaanzia mwisho. Kwanza unalipia tiketi na kitanda cha Houston. Kisha unarudi nyuma hadi Miami, unahesabu siku. Kisha Atlanta. Kinachobaki ndicho cha kuondokea nyumbani. Ukikuta hela au likizo haitoshi, unakata mwanzo, hukati mwisho.

Ramani inadanganya

Kwenye simu, Atlanta na Miami zinaonekana majirani. Ni takriban kilomita 1,060. Kwa msafiri wa Bongo hiyo inakaribia Dar hadi Mwanza. Miami hadi Houston ni zaidi ya kilomita 1,900. Ni sawa na kutoka Dar mpaka Mwanza, halafu ugeuze gari urudi hadi Dodoma.

Barabara kule ni pana na hazina matuta, hilo halina ubishi. Lakini programu ya simu ikikwambia saa 17, inahesabu gari linalotembea bila kusimama. Haihesabu wese, choo, chakula, ajali iliyo mbele, wala foleni ya kuingia mji mkubwa saa 11 jioni. Kanuni rahisi ni kuongeza saa moja kwa kila saa nne inazokutajia, na usipange zaidi ya kilomita 700 kwa siku moja.

Msaada upo kwenye namba. Barabara kuu zenye namba shufwa, kama I-10, zinakwenda mashariki na magharibi. Zenye namba witiri, kama I-95 na I-75, zinakwenda kaskazini na kusini. Katika majimbo mengi namba za njia za kutokea zinafuata maili. Ukiwa I-10 unaelekea magharibi, namba zinapungua, na ile unayoiona inakuambia zimebaki maili ngapi kufika mpaka wa jimbo. Maili moja ni kilomita 1.6. Ukilijua hilo, hata simu ikizima chaji hupotei.

Mguu wa kwanza: Brockton hadi Atlanta

Mechi ya Hispania ni Jumatatu. Kwa hiyo Ijumaa Juni 12, alfajiri, gari linatoka. Rhode Island, Connecticut, New York, New Jersey, Delaware, Maryland, yote kwa siku moja. Majimbo ni mengi lakini ni madogo. Kero ya siku hiyo ni New York. Ukiikuta saa ya watu kutoka kazini, umekwisha. Kitanda cha kwanza kiwe jirani na Baltimore, kama kilomita 640 kutoka nyumbani.

Jumamosi Juni 13 wanashuka Virginia. Pale Petersburg wanaiacha I-95 na kushika I-85 hadi Charlotte, North Carolina. Ni kilomita 700, siku ndefu kuliko zote za mguu huu. Jumapili Juni 14 zinabaki kilomita 390 tu kupita South Carolina na kuingia Georgia. Wanafika Atlanta mchana, wanalala mapema.

Mechi ni saa sita mchana, kwa hiyo hakuna kusema tutaamka Charlotte tuunganishe. Uwanja una paa, jua sio shida. Gari liachwe kwenye kituo cha treni za MARTA nje ya mji, watu wapande treni hadi uwanjani. Kuhangaika na maegesho katikati ya mji siku ya Kombe la Dunia ni kutafuta presha ya bure.

Jambo dogo lakini linapoteza watu. FIFA haitumii majina ya wadhamini wa viwanja. Mercedes-Benz Stadium kwenye tiketi ni Atlanta Stadium, Hard Rock ni Miami Stadium, NRG ni Houston Stadium. Ni viwanja vile vile.

Mguu wa pili: usikimbilie Miami

Kutoka Juni 16 hadi 20 kuna siku tano, na safari inahitaji mbili. Hapa ndipo hela nyingi zinapovuja. Watu wanamaliza mechi, wanaendesha usiku kucha, wanafika Miami na kukaa usiku tano kwenye mji ambao kitanda ni ghali hata kama hakuna Kombe la Dunia.

Mwenye akili anatulia. Juni 16 ni mapumziko Atlanta, kufua nguo na kulala. Juni 17 wanashika I-75, wanapita Macon na Valdosta, wanaingia Florida na kulala Gainesville, mji wa wanafunzi ulio karibu nusu ya njia. Wakae hapo usiku mbili au tatu. Juni 20 ndio waingie Miami.

Uwanja wenyewe hauko ufukweni. Uko Miami Gardens, kaskazini mwa mji, na treni haifiki mlangoni kama Atlanta. Kitanda cha upande wa kaskazini ni bora kuliko cha ufukweni, na mechi ni saa 12 jioni, muda ambao Florida ya mwezi Juni hupenda kunyesha mvua ya radi. Viti vimefunikwa kwa juu, lakini kutoka gari lilipo hadi getini koti la mvua litasaidia.

Halafu kuna tozo. Barabara ya Florida's Turnpike upande wa Miami haipokei noti wala sarafu, kamera zinapiga picha namba ya gari na bili inakufuata. Kama gari ni la kukodi, kampuni inaweza kuongeza ada yake juu ya bili hiyo. Ni vizuri kuuliza siku ya kuchukua funguo, isije ikawa barua ya mwezi wa nane.

Mguu wa tatu: hapa ndipo kazi ilipo

Mechi ya Uruguay itaisha kama saa 2 usiku Jumapili. Hapo kishawishi ni kimoja, kuwasha gari na kuitafuta Houston usiku huo huo. Isifanyike. Watu wameimba, wamelia, wamesimama juani. Dereva aliyetoka uwanjani naye amecheza dakika 90.

Jumatatu Juni 22 waondoke Miami saa nne asubuhi, warudi Gainesville, kilomita 540, mji wanaoujua tayari. Jumanne Juni 23 wapande hadi Lake City, washike I-10 kuelekea magharibi, wapite Tallahassee na kulala Pensacola, kilomita 555. Njiani, wakivuka mto Apalachicola, saa inarudi nyuma kwa saa moja. Ni zawadi, lakini pia ni mtego. Kuanzia hapo kila muda unaoandikwa kwenye mpango lazima uwe wa Houston.

Jumatano Juni 24 ni siku fupi kwa makusudi. Alabama wanaikata kwa takriban kilomita 105, wakipita chini ya mto kwenye handaki la Mobile. Mississippi ni kama kilomita 125. Kisha Louisiana, na New Orleans inafikika mchana. Siku hiyo ni kilomita 320 tu. Kwa nini fupi? Kwa sababu ndiyo akiba. Msimu wa vimbunga unaanza rasmi Juni 1, na I-10 inatembea sambamba na Ghuba ya Mexico. Mvua kubwa, ajali au pancha ikiwapotezea nusu siku Jumatatu au Jumanne, Jumatano ndiyo inaifidia. Mpango usio na siku ya akiba ni kama kikosi kisicho na kipa wa pili. Utaona faida yake siku ambayo tayari umechelewa.

Alhamisi Juni 25 zinabaki kilomita 560. Wanapita Baton Rouge, wanavuka daraja refu la Atchafalaya lililo juu ya vinamasi kwa karibu kilomita 29, wanaingia Texas pale karibu na Beaumont, na jioni wako Houston. Ijumaa wanaamka bila haraka. Mechi ni saa 1 usiku, uwanja una paa na viyoyozi, na treni ya METRORail inafika hapo.

Hela inakwenda wapi

Wahenga walisema mipango si matumizi. Kwenda Houston na kurudi Brockton, safari nzima inafika karibu kilomita 7,600. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakunywa lita zipatazo 630, yaani galoni 167 kwa kipimo cha kule. Gawa kwa wanne, mafuta sio yanayoua. Yanayoua ni vitanda vya usiku 14 kabla ya kuanza kurudi, chakula cha barabarani mara tatu kwa siku, na maegesho.

Dawa yake ni ya kizamani. Boksi la barafu kwenye buti, mkate, matunda na maji ya kununua dukani kwa jumla. Chumba kimoja chenye vitanda viwili. Watu wanne wachange mfuko mmoja kabla ya safari, na mmoja tu awe mweka hazina. Kundi linalogawana bili kila kituo cha mafuta hugombana kabla ya kufika Virginia.

Kuna wanaofikiria kukodi gari na kuliacha Houston, warudi kwa ndege. Inawezekana, ila kampuni nyingi hutoza ada ya kuliacha gari mji mwingine, na dereva wa chini ya miaka 25 huongezewa. Hesabu zote mbili ziwekwe mezani kabla ya kuamua.

Na kwa yule ambaye bosi wake hampi wiki mbili? Huyo ndiye anayehitaji mpango wa kuanzia mwisho kuliko wote. Aache Atlanta, aache Miami, apande ndege moja Alhamisi hadi Houston. Ataonekana amekosa safari, kumbe ameibakiza mechi yenyewe.

Dereva naye ana benchi

Bubista hawezi kumchezesha mtu mmoja dakika zote bila kumchosha. Garini ni hivyo hivyo. Kila saa mbili watu wabadilishane usukani, washuke, wanyooshe miguu. Aliyekaa mbele pembeni ya dereva halali, kazi yake ni kuongea na kuangalia ramani. Baada ya saa 4 usiku gari liwe limeegeshwa. Usingizi kwenye barabara iliyonyooka haupigi hodi, na hakuna bao la Houston linalostahili kufuatwa kwa gharama hiyo.

Mwendo nao ni wa kuchunga. Kule alama ni za maili. Kibao cha 70 maana yake ni kilomita 113 kwa saa, na kila jimbo lina sheria zake na askari wake. Ukivuka mpaka, angalia kibao upya.

Wakivuka je?

Hapa ndipo penye utamu. Cape Verde ikimaliza ya pili, mechi yake ya hatua ya 32 ni Julai 3, tena Miami, dhidi ya mshindi wa Kundi J lenye Argentina, Algeria, Austria na Jordan. Zile kilomita 1,900 zinageuzwa zilivyo. Ikiongoza kundi, inakwenda Los Angeles Julai 2. Ikiwa ya tatu, itabidi kusubiri makundi yote yaishe Juni 27 ndipo ijulikane inaelekezwa wapi.

Kwa hiyo kitanda chochote cha baada ya Juni 26 kiwe cha kufutika bila kukatwa hela, na mfuko ule wa pamoja ubaki na kitu. Itakuwa aibu kusafiri majimbo 16 kuisindikiza timu, halafu timu ivuke na shabiki ashindwe kuvuka nayo.

Huku nyumbani barabara ni fupi zaidi, kutoka chumbani hadi sebuleni. Mechi ya Hispania ni saa 1 usiku Juni 15. Ya Uruguay ni saa 7 usiku wa kuamkia Juni 22. Ya Saudi Arabia ni saa 9 usiku wa kuamkia Juni 27, ile ya kuweka alamu mbili.

Kama una uwezo wa kukesha mara moja tu kati ya hizo tatu, hesabu ni ile ile ya jamaa wa Brockton. Lala hizo nyingine. Amkia Houston.